Miche Minane na Beseni la Barafu

Siku ya kuniaga pale maabara nilipostaafu mlinipa saa ya ukutani na keki, halafu mmoja wenu, simtaji, anajijua, akaniuliza kama ni kweli zamani tulikuwa tunaponda seli kwa kidole gumba ndipo tuhesabu kromosomu. Nikasema ndiyo. Nikawaona mnachekea ndani ya vikombe vya chai. Haya. Sasa nimekaa hapa nyumbani, mtaa wa Free Area, kuku wamekula, mjukuu ameenda shule, na sina wa kumgombeza. Nitawaandikia habari ya hicho kidole gumba na mambo yaliyokifuata. Vyeo nitaviruka, havikuwa vingi. Mshahara mnaujua wenyewe.

Mimi ni mtoto wa nyumba za reli, Nakuru. Baba alitoka Bungoma akiwa kijana, akapewa nyundo na chumba kimoja, akatulea watoto sita humo humo. Uhuru ulikuwa na mwaka mmoja nilipomaliza shule, nikasikia kwamba kituo cha mbegu za ngano, kule juu upande wa Mau Narok, kinatafuta msaidizi wa maabara. Kituo sikitaji jina. Niliandika barua kwa mwandiko wangu mzuri kabisa, na nadhani mwandiko ndio ulioajiriwa, maana sayansi niliyokuwa nayo ingeenea kwenye kijiko cha chai.

Siku ya kwanza nilipanda lori la kituo nikiwa na sketi mpya, viatu vya kisigino na kucha nilizopakwa rangi na dada yangu. Kufika kule juu baridi ikanishika hadi meno yakagongana. Mlangoni mwa maabara alisimama Kalasinga mmoja mrefu, kilemba cheupe, ndevu zimefungwa vizuri, koti la kazi limejaa madoa mekundu. Huyo ndiye Bwana Gurdial, fundi mkuu wa maabara, na sisi sote tulimwita Fundi. Babu yake alikuja na reli, yeye mwenyewe alizaliwa hapa hapa Nakuru, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha karakana, hakina mapambo. Hakuniuliza jina. Aliangalia mikono yangu.

"Kata kucha," akasema.

"Sasa hivi?"

"Wewe nataka kazi ama nataka kucha?"

Nikapewa wembe. Hivyo ndivyo nilivyoanza sayansi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unaotesha punje za ngano kwenye karatasi iliyolowa. Mizizi ikitoka unakata ncha zake, na unazikata saa nne asubuhi, si saa tatu, si saa sita, kwa sababu Fundi alishikilia kwamba ngano hugawanya seli zake kwa wingi saa nne. Mimi nikaona huo ni ushirikina wa wazee. Siku moja nikakata zangu saa nane mchana kimyakimya, nikakodolea macho hadubini mpaka shingo ikauma, na sikuona seli hata tatu zinazogawanyika. Sikumwambia, lakini tangu siku hiyo nikawa mtu wa saa nne. Ncha zikishakatwa zinalazwa kwenye maji ya barafu mpaka kesho yake, halafu zinaingia kwenye spiriti na asidi ya siki, halafu kwenye rangi. Rangi nyekundu ile inatokana na wadudu wadogo waliokaushwa, na ili ikolee inataka chuma kidogo. Kitabu kilisema chuma kipimwe kwa mizani. Fundi alikuwa na msumari wa reli wenye kutu, anautumbukiza, anahesabu polepole kwa Kipunjabi, anautoa. Nimetumia rangi za viwandani miaka mingi baadaye na bado sijaona iliyoshinda ile ya msumari.

Mwisho ni kidole. Ncha ya mzizi juu ya slaidi, tone la rangi, kioo chembamba juu yake, karatasi ya kukausha wino, kisha unakandamiza kwa gumba, wima, bila kuteleza hata kidogo. Ukiteleza, seli zinajiviringa na kazi ya siku mbili imekwenda na maji. Ukiwa na ukucha mrefu, unavunja kioo. Sasa mnajua kwa nini nilipewa wembe.

Siku nilipoziona kromosomu mara ya kwanza nilipiga kelele. "Fundi! Ziko! Ziko hapa, ninaziona!"

"Hesabu," akasema, bila kuinua kichwa.

Nikahesabu nikapata thelathini na tisa. "Rudia." Nikapata arobaini na nne. "Rudia." Jua lilikuwa linaelekea Menengai... aa, nadanganya, jua haliendi upande huo, lakini lilikuwa limechoka kama mimi nilipopata arobaini na mbili, ambayo ndiyo hesabu ya ngano. Fundi akaja, akahesabu yeye mwenyewe, akanipa kofia yangu niende nyumbani. Kwake yeye hiyo ilikuwa pongezi.

Tulifanya kazi hivyo miaka mingi, yeye na mimi, bila kujua vizuri kwa nini barafu inasaidia. Fundi alijua tu kwamba bila barafu kromosomu zinarundikana na haziwezi kuhesabika. Aliyetufungua macho ni Daktari Chepkwony, kijana wa Keringet aliyerudi kutoka ng'ambo mwanzoni mwa miaka ya sabini na shahada kubwa ya mimea. Maskini, lile jina la daktari lilimponza. Vibarua wa shambani walimletea meno yaliyooza na watoto wenye kikohozi, wakapanga foleni mlangoni, na alipoeleza kwamba yeye ni daktari wa ngano walimwangalia kwa huruma. Mwishowe akaweka asprini kwenye droo.

Alitueleza siku moja wakati wa chai. Seli ikitaka kugawanyika, alisema, kwanza inarudufisha kromosomu zake. Kisha inajenga nyuzi kutoka pande zake mbili. Kila uzi ni mrija mdogo mno, hadubini yetu haiwezi kuuona mmoja mmoja, na umejengwa kwa matofali ya protini, tofali juu ya tofali. Nyuzi hizo zinakamata kromosomu na kuzivuta, nusu huku, nusu kule. Kazi ikiisha seli inabomoa nyuzi na kuyaweka matofali akiba mpaka zamu nyingine.

"Kama reli, Fundi," nikasema. "Wanatandika vyuma, treni inapita."

Fundi akatikisa kilemba. "Hapana. Reli nakaa. Hii najenga asubuhi, navunja jioni. Hii kazi ya serikali."

Daktari alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Alipotulia akaendelea. Baridi ikiingia, protini hiyo haishikani tena, mirija inaachana tofali kwa tofali, na kromosomu zinabaki zimetawanyika, hakuna wa kuzivuta. Ndiyo maana tunaziona moja moja. Joto likirudi, mirija inajengwa upya kana kwamba hakuna kilichotokea. Sasa kuna dawa, kolchisini, inatoka kwenye ua fulani na wazee wa Ulaya waliinywa kwa ajili ya jongo, yale maumivu ya viungo. Hiyo inashika lile tofali lenyewe, ikashinda pale, tofali likawa halijengeki. Seli inakuwa imesharudufisha kromosomu zake, lakini nyuzi za kuzigawa hazipo, basi zote zinabaki kwenye nyumba moja. Seli yenye ishirini na nane inakuwa na hamsini na sita.

Ninyi mnajua zaidi. Mnajua kuna protini za kuuanzisha mrija mahali pake, nyingine za kuushikilia usibomoke, nyingine za kuukata ukishamaliza kazi. Sisi tulijua tofali tu, na hilo tofali moja lilitosha kunitia matatani.

Daktari alikuwa na sababu yake ya kurudi nyumbani. Mama yake kule Keringet alikuwa amepanda ngano, ugonjwa wa kutu ukaishambulia mashina yote, akavuna makapi. Majirani zake vivyo hivyo. Basi Daktari akaingia kwenye kazi ya kuchanganya ngano na nyasi fulani ya mwituni ambayo kutu haiwezi kuigusa. Misimu miwili alikuwa akihamisha chavua kwa brashi ndogo, ua kwa ua, mgongo umepinda. Akapata miche kumi na miwili. Kumi na miwili tu. Na kila mmoja ulikuwa na kromosomu ishirini na nane, ishirini na moja za ngano na saba za nyasi, zisizokuwa na wenzake wa kulingana nao. Mmea wa namna hiyo ni kama nyumbu, yule mtoto wa punda na farasi, unakua vizuri lakini hauzai. Njia ilikuwa moja, kuunywesha kolchisini mpaka kromosomu ziwe hamsini na sita, kila moja ipate mwenzake, ndipo utoe mbegu. Mkurugenzi wa kituo, mtu wa haraka lakini si mtu mbaya, alikuwa ameshasema wazi: mwaka huu kusipopatikana mbegu, kile kipande cha shamba kitapandwa viazi.

Miche ikafikia kimo cha kutibiwa mwezi wa saba, wakati binti wa Fundi alikuwa anaolewa mjini. Harusi ya Kalasinga si jambo la siku moja. Fundi akachanganya dawa yeye mwenyewe, akaifungia kabatini, akanikabidhi ufunguo na kadi yake ya maelezo.

"Nane tu," akaniambia. "Ine naacha. Yote hapana weka beseni moja."

"Sawa, Fundi. Minane natibu, minne naacha."

"Kadi nasema yote."

Kadi ilisema nguvu ya dawa, ilisema saa sita, ilisema baadaye nioshe kwa maji yanayotiririka. Kuhusu joto haikusema neno, kwa sababu kazi hiyo Fundi aliifanya kila mara kwenye chumba cha boila, tena miezi ya jua, na kwake hilo lilikuwa wazi kama mchana. Mimi sikuwahi kumwona akiifanya. Mlango wa boila aliufunga kwa sababu ya sumu.

Sasa sikieni akili ya mtu aliyeelewa nusu. Nilisimama mbele ya beseni nikajiambia: barafu inabomoa nyuzi. Kolchisini inazuia nyuzi zisijengwe. Nikiviweka vyote viwili pamoja, je, si zitakoma kabisa? Nilijiona nimegundua jambo. Nikafungua ile friji ya mafuta ya taa, nikakwangua barafu yote, nikalizungushia lile beseni la dawa, nikafunika na gunia. Daktari alikuwa shambani. Sikumwambia. Haki ya Mungu, nilitaka aje kunisifu baadaye.

Na alinisifu! Saa sita zikaisha, nikaosha, nikapanda kwenye vyungu, na baada ya wiki miche yote minane imesimama kijani kibichi. "Nekesa, hukuua hata mmoja!" Daktari akasema, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilitembea siku hiyo kama mtu aliyenunua gari.

Fundi akarudi na sanduku la mithai, vitamutamu vya harusini. Akaliweka mezani, akaenda moja kwa moja kwenye vyungu, akainama, akazunguka, akainama tena.

"Hii nasikia raha sana," akasema.

"Si ndiyo vizuri, Fundi?"

"Dawa hii sumu. Mche nakunywa sumu, nakaa kama bibi harusi? Mgonjwa iko wapi?"

Nikacheka. Moyoni kitu kikanichoma, lakini nikacheka, nikala mithai.

Machipukizi mapya yakatoa mizizi, nikakata ncha saa nne, nikaponda, nikahesabu. Ishirini na nane. Mche wa pili, ishirini na nane. Niliendelea mpaka wa nane, ishirini na nane. Fundi akarudia yote, akapata vile vile. Daktari akakaa kwenye stuli akaangalia sakafu. Ilikuwa afadhali angenifokea.

Mkurugenzi akaja asubuhi iliyofuata. "Dawa alichanganya nani?"

"Mimi," Fundi akasema.

"Basi ilikuwa dhaifu. Mzee Gurdial, macho yamechoka, hakuna aibu. Mwisho wa mwezi upumzike. Nitaomba fundi mwingine kutoka Nairobi."

"Dawa nzuri," Fundi akasema. Akarudia kwa sauti ya chini, "Dawa ilikuwa nzuri." Akageukia hadubini yake.

Nami nilikuwa nimesimama pale pale, hatua mbili kutoka kwake, nikanyamaza. Nilikuwa na watoto watatu na mume asiye na kazi ya kudumu, nikajiambia hivyo. Ukweli ni kwamba niliona aibu, na aibu ilinitisha kuliko njaa. Nikanyamaza siku hiyo, nikanyamaza na siku ya pili. Siku ya tatu nilifika mapema nikamkuta Fundi peke yake kwenye mizani ndogo. Alikuwa anapima chumvi. Anapima, anaandika, anamwaga, anapima tena, karatasi imejaa namba. Nikaelewa anachofanya. Alikuwa anajipima yeye mwenyewe. Yule mtu ambaye msumari wake ulikuwa sahihi kuliko kitabu alikuwa ameanza kuamini kwamba macho yake yamemdanganya, na aliyemtia shaka hiyo ni mimi.

"Fundi," nikasema, "wacha hiyo chumvi. Nilitia barafu."

Akageuka. "Barafu wapi?"

"Kwenye beseni. Nililizungushia beseni barafu. Saa sita zote."

Aliishika mizani. Nikadhani atanipiga na mizani. Kisha akashusha pumzi ndefu mno, mabega yakashuka pamoja nayo, na nikamwona anatabasamu ndani ya zile ndevu. "Basi macho yangu mazima," akasema.

Niliangua kilio. Yeye ndiye aliyenivutia stuli.

Tukaenda kwa Mkurugenzi sote wawili. Nilitangulia kuingia kabla miguu haijabadili nia. "Barafu?" Mkurugenzi akasema. "Nani alikuambia utie barafu?"

"Hakuna, bwana. Nilijiambia mwenyewe."

"Na kadi yangu hapana sema joto," Fundi akaongeza. "Ile makosa yangu. Andika na hiyo."

Daktari akaitwa. Nilipomaliza kusimulia alijipiga paji la uso. "Ala! Sasa naona. Kwenye baridi kolchisini inalishika lile tofali polepole mno, karibu haishiki. Na seli zenyewe zimelala, hazigawanyiki. Nekesa ameziosha, joto likarudi, nyuzi zikajengwa, seli zikaendelea na shughuli zao kama kawaida. Tumeilaza miche kwenye barafu tukaiamsha. Basi." Akaniangalia, na uso wake haukuwa na hasira niliyoistahili. "Ulifikiri vizuri. Ulipaswa kusema tu."

Mkurugenzi hakuridhika. Maneno yangu, alisema, hayathibitishi kwamba dawa ilikuwa nzima, huenda vyote viwili viliharibika. Alikuwa na haki. Fundi akasema tufanye jaribio kwa vitunguu. Nikatumwa sokoni, nikanunua vitunguu, tukavioteshea mizizi kwenye glasi. Dawa ikatoka chupa ile ile, mbele ya macho ya Mkurugenzi. Glasi moja Fundi akaiingiza mwenyewe kwenye chumba cha boila, nyingine ndani ya barafu, nyingine ya maji matupu. Baada ya saa sita tukaosha vyote, tukasubiri. Siku ya pili vitunguu vya barafu vilikuwa na mizizi myembamba mirefu, sawa na vile vya maji. Vya boila, wacha we! Ncha zilikuwa zimevimba kama njiti za kiberiti. Nikaponda moja, nikamwachia Mkurugenzi hadubini. Alitazama muda mrefu. Hata mtu asiyejua kuhesabu angeona kwamba kromosomu zilikuwa zimejaa mara mbili.

"Mzee Gurdial," akasema akiwa bado ameinama, "macho yako ni mazuri kuliko yangu."

Ile habari ya fundi kutoka Nairobi hatukuisikia tena. Lakini shida ya Daktari ilikuwa bado pale pale. Ilibaki miche minne, na shamba la viazi lilikuwa linasubiri.

Asubuhi ya kuitibu Fundi alifungua chumba cha boila kwa mara ya kwanza mbele yangu. Kipimajoto ukutani, benchi, beseni. Akanipa chupa.

Nikarudi nyuma. "Aa, Fundi. Mimi siwezi. Fanya wewe."

"Nafanya wewe."

"Nimeharibu minane! Unataka nimalize yote?"

"Mimi hapana haribu nane," akasema. "Mimi hapana jua vile naharibika. Hapa kituo nzima, wewe peke yako najua. Sasa fanya." Akatoka, akafunga mlango, nikasikia viatu vyake vinaelekea kwenye chai.

Nilibaki peke yangu na miche minne na jasho. Nilipima joto kila baada ya robo saa nikaliandika. Saa sita zile nilizikaa kwa magoti, kweli kabisa, maana benchi lilikuwa chini mno na sikutaka kuondoa macho. Nilipoosha, niliosha muda mrefu kuliko kadi.

Mche wa kwanza ulikufa siku ya nne. Wa pili na wa tatu ikafuata kwa pamoja. Nilikuwa naogopa kuingia pale asubuhi. Ule wa nne ulinyauka, ukajikunja, ukatoa jani moja nene lililopinda kama sikio la mbuzi, ukasimama hapo hapo wiki tatu bila kusogea. Ulikuwa mbaya! Fundi akauangalia akafurahi kuliko siku ya harusi. "Sasa hii," akasema, "hii mgonjwa."

Ukatoa chipukizi. Ukatoa la pili. Tukauhamishia shambani, tukauzungushia wavu kwa sababu ya ndege, na mimi nikawa naupitia asubuhi na jioni, naung'olea magugu ambayo hayapo. Masuke yakatoka, membamba marefu, yana ndevu za ile nyasi. Kutu ilikuwa imeingia kwenye ngano za pembeni mwaka huo, mashina yamegeuka rangi ya matofali. Wetu ulikuwa safi. Lakini usafi bila mbegu haukuwa na faida kwa mama wa Keringet. Ngano isiyozaa unaijua kwa mkono, ukibonyeza suke linabonyea kama pakiti tupu.

Siku ya kubonyeza tulikwenda wanne. Daktari alitangulia mbele. Mkurugenzi alikuja na daftari lake, na nyuma ya ua wa wavu kulikuwa na magunia ya mbegu za viazi tayari. Hakuna aliyetaka kuanza. Fundi akanisukuma kwa kiwiko.

"Wewe bonyeza."

Nikashika suke la kwanza kutoka chini. Likabonyea. Nikapandisha vidole. Likabonyea tena, tupu, tupu. Katikati ya suke kidole changu kikagonga kitu kigumu.

Nikasimama. Nikabonyeza tena, nikidhani ni kikonyo. Hakikuwa kikonyo. Juu yake kulikuwa na kingine, na upande wa pili kingine.

"Iko," nikasema. "Daktari, iko mbegu. Ziko tatu. Ziko... jamani, ziko nyingi!"

Daktari akapiga magoti kwenye udongo na suruali yake ya ofisi. Akabonyeza suke la pili na la tatu, akaanza kucheka peke yake, akataja jina la mama yake. Mkurugenzi akatoa kalamu. "Niandike vizuri," akasema. "Nani aliutibu mche huu?"

"Huyu," Fundi akasema, akaniwekea mkono begani, mkono mzito wenye madoa mekundu. "Ile nane naharibu, huyu. Hii moja nazaa, huyu. Andika yote mbili."

Mkurugenzi akaandika yote mawili. Nami nikalia pale shambani mbele ya wanaume watatu na magunia ya viazi. Daktari akaniletea kitambaa chake nijifute, nikashindwa kukipokea, kwa sababu mikono yangu yote miwili ilikuwa imelishika lile suke na sikutaka kuliachia.